Masomo ya Sanaa Yana Faida Gani?

Mzazi wa Bariadi anayeuza pamba ili alipe ada huuliza: mtoto akisoma sanaa, atapata nini? Tutazame Nyegezi, Mwanza. Kituo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960 kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, chini ya Baraza la Maaskofu. Augustino mwenyewe alifundisha ufasaha wa kusema kule Milano kabla ya kubatizwa mwaka 387. Masomo hayo humzoeza kijana kusikiliza, kupima hoja na kusema ukweli. Ajira haina uhakika, tusidanganyane. Lakini penye ugomvi wa malisho na mashamba, mtu wa namna hiyo anahitajika. Tusimkatishe tamaa kijana anayeyapenda.