Tangazo gani litamleta mgonjwa kwenye duka lako la dawa?

Hebu msomaji, jioni ya leo utakaposhuka kwenye matatu, hesabu maduka ya dawa utakayoyapita kabla ya kufika mlangoni kwako. Katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu hutakosa matatu au manne. Mengi yana msalaba wa kijani, rafu za vioo, mizani karibu na mlango na maandishi yanayofanana: dawa, vipodozi, tunapima presha, bei nafuu. Sasa jiulize ni kwa nini wewe huingia katika moja na kuyapita mengine.

Wenye maduka hayo nao hujiuliza swali hilo kila siku. Wengi hulijibu kwa kupaka ukuta rangi kali zaidi au kuweka kipaza sauti mlangoni. Makala ya wiki hii ni yao, lakini pia ni yako wewe unayenunua, kwa maana jinsi duka la dawa linavyojitangaza huweza kukuonyesha mengi kuhusu jinsi litakavyokuhudumia.

Nitaanza na yaliyonipata. Miaka kadhaa iliyopita mtoto wangu alishikwa na mafua, yale ya kawaida ya mwezi wa Julai: kamasi, kikohozi, joto kidogo usiku. Nilikwenda kwenye duka lililo karibu na steji, ambalo bango lake lilijaa ahadi kutoka juu hadi chini. Kijana aliyekuwa nyuma ya kaunta hakuniuliza umri wa mtoto wala uzito wake. Alinipa chupa ya antibiotiki, ile ya unga wa kuchanganywa na maji, pamoja na dawa ya kikohozi na nyingine ya kukausha kamasi. Nililipa. Siku ya tatu mtoto alikuwa akihara, na mafua yake yalikuwa pale pale.

Jioni hiyo nilijaribu duka jingine, dogo, lililo ndani zaidi mtaani. Halikuwa na bango la kujivunia. Nje ya mlango palikuwa na ubao mweusi wa aina ya shuleni, ulioandikwa kwa chaki: “Mafua huletwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi. Mpe mtoto vinywaji kwa wingi na umwache apumzike. Lakini akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akikataa kunywa au akilegea, usingoje: mpeleke hospitali sasa hivi.”

Niliusoma mara mbili, nikaona haya. Ndani nilimkuta mama mmoja, mteknolojia wa dawa, ambaye cheti chake kilikuwa kimetundikwa ukutani. “Mtoto ana kilo ngapi, baba?” ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Aliniuzia pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki, basi, akanituma kwa daktari kuhusu ile antibiotiki. Sijarudi kwenye duka la steji hadi leo.

Tazama kwamba tangazo lililoninasa halikutaja bei, wala halikulisifu duka lenyewe. Lilijibu swali ambalo tayari lilikuwa kichwani mwangu. Hiyo ndiyo siri yote, na mwenye duka yeyote wa mtaani anaweza kuitumia kwa gharama ya kipande cha chaki.

Si jambo geni. Mnamo 1931 mfamasia Ted Hustead na mkewe Dorothy walinunua duka la dawa katika mji mdogo wa Wall, jimbo la South Dakota nchini Marekani, mahali pakavu ambapo magari yalipita bila kusimama. Kwa miaka kama mitano biashara ilisuasua. Kisha, katika joto la 1936, Dorothy aliwaza ni nini hasa anachokitaka msafiri aliyechoka na vumbi, akaona ni maji baridi. Wakaweka vibao kando ya barabara kuwajulisha wapitao kwamba dukani kuna maji ya barafu bure. Magari yakaanza kusimama, na duka hilo lingali pale, sasa likiwa kubwa mno na kivutio cha watalii. Watu waliingia kwa ajili ya maji wakatoka na bidhaa nyingine. Huku kwetu anayepita nje ya duka la dawa akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni ana kiu ya namna nyingine: anataka mtu wa kumweleza.

Utajuaje la kuandika? Weka daftari chini ya kaunta. Kila mteja anapouliza jambo, liandike, bila jina lake. Baada ya wiki mbili utaona kwamba watu wa mtaa wako huuliza maswali kumi hivi, yale yale, kwa maneno tofauti. Huo ni mtaji wa miezi mitatu ya ubao.

Chukua lile la panadol. Mtu ana mafua, amemeza vidonge vya mchanganyiko alivyouziwa jana, na sasa anataka kuongeza panadol kwa sababu kichwa kinauma. Mweleze ubaoni kwamba dawa nyingi za mafua tayari zina parasetamoli ndani yake, na kwamba mtu mzima hapaswi kupitisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Zaidi ya hapo ni kulihatarisha ini. Kisha ongeza mstari mmoja: “Lete pakiti uliyo nayo, tuisome pamoja, hakuna malipo.” Naamini mstari huo utaleta watu wengi kuliko kipaza sauti.

Au la malaria. Mkazi wa Nairobi amerudi kutoka likizoni Siaya au Busia, mwili una joto, naye anataka “ile dawa” bila kupimwa. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, mtoto kwa mtu mzima, kwa sababu homa huletwa na mambo mengi na kutibu lisilokuwepo ni kuliacha lililopo likiendelea. Anayepatikana nayo naye ana jambo la kuambiwa: dawa inayotumika sana huwa ni dozi 6 kwa siku 3, humezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa ili iingie vizuri mwilini, na haiachwi siku ya pili eti kwa sababu nguvu zimerudi.

Majira pia yatakusaidia. Mvua ndefu zikianza, andika kuhusu kuchemsha maji na kuhara. Kabla ya Ramadhani, hasa ukiwa Mombasa au Eastleigh, wakumbushe wenye kisukari wanaotaka kufunga wamwone daktari mapema ili saa na vipimo vya dawa vipangwe upya, badala ya kila mmoja kujipangia. Mambo ya presha hayana majira. Wengi huacha vidonge wakijihisi vyema, ilhali presha ya juu mara nyingi haiumi popote hadi siku inapoangusha mtu. Na anayekuja kupimwa akae kwanza dakika 5, awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa. Ukiandika hivyo, mteja ataelewa kwa nini wewe humketisha kwanza wakati jirani yako hupima mtu akiwa bado anahema kutoka ngazini.

Kuna maswali ambayo hayataingia katika daftari lako kamwe kwa sababu hakuna anayethubutu kuyauliza. Binti wa miaka 20 hawezi kuingia dukani penye foleni ya majirani wa mama yake na kuuliza kuhusu vidonge vya dharura, vile ambavyo vijana huviita P2. Lakini anaweza kusimama nje, akijifanya anasubiri mtu, na kusoma kwamba vidonge hivyo humezwa mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kwamba haviwezi kumkinga na virusi vya Ukimwi. Anaweza pia kusoma kwamba kuna dawa nyingine za kuzuia virusi hivyo kwa aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu au aliyedungwa na sindano iliyotumika. Kwamba ni lazima zianzwe ndani ya saa 72 na kutumiwa kwa siku 28. Na kwamba hutolewa katika hospitali za umma. Saa 72 huisha haraka mno kwa mtu anayeona aibu. Mimi ningekuwa na duka, jambo hili lingekaa ubaoni angalau mara moja kila miezi miwili, hata kama kuna watakaonung'unika.

Utaniuliza: nikiwaambia wateja wasinunue, nitakula nini? Swali la haki. Kodi ya duka haingoji, na mwenye ploti hapokei maelezo. Lakini fanya hesabu yako vizuri. Chupa ya antibiotiki uliyomuuzia mwenye mafua ni faida ya siku moja, tena antibiotiki kisheria huhitaji cheti cha daktari, na kuzigawa ovyo ndiko kunakozaa vijidudu sugu visivyosikia dawa. Mwenye presha au kisukari hununua dawa kila mwezi, mara 12 kwa mwaka, pengine maisha yake yote. Yeye ndiye anayelipa kodi yako, na huchagua duka analoliamini. Huenda alianza kukuamini siku ulipomwambia mkewe kwamba mafua ya mtoto hayahitaji antibiotiki.

Hata hivyo, maneno peke yake yana mwisho wake. Mnamo 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vinyozi 52 huko Los Angeles, Marekani, miongoni mwa wanaume weusi 319 wenye presha ya juu. Katika kundi moja vinyozi waliwahimiza wateja wabadili mienendo na kwenda kwa daktari. Katika kundi la pili wafamasia walifika pale pale kinyozini, wakapima na kuanzisha dawa kwa makubaliano na madaktari. Baada ya miezi 6, kipimo cha juu cha presha kilikuwa kimeshuka kwa wastani wa takriban 9 katika kundi la kwanza, na 27 katika la pili. Mashauri yalisaidia kidogo. Mashauri yaliyoandamana na mtaalamu yalisaidia mara tatu. Kwa hiyo ubao ukisema “njoo tukupime”, awepo ndani mtu aliyesomea kazi hiyo, siyo mpwa wako aliyemaliza shule mwaka jana. Na ukielewana na kinyozi au mwenye saluni wa jirani akuruhusu uje Jumamosi moja kwa mwezi na mashine yako, utakuwa umewafikia wanaume ambao hawaingii dukani mwako hadi wabebwe.

Kuna usiyoruhusiwa kuandika. Sheria ya Dawa na Sumu hairuhusu umma utangaziwe kwamba dawa fulani inaponya magonjwa kama saratani, kisukari au kifafa, na dawa za cheti cha daktari hazipigiwi debe barabarani. Eleza ugonjwa, eleza dalili za hatari, acha jina la dawa nje ya ubao. Pia usimtaje mgonjwa, hata kwa kumsifu. “Mama wa ploti ya kona alikuja na sukari ya 20, sasa yuko sawa” ni tangazo ambalo mtaa mzima utalitafsiri dakika hiyo hiyo, na tangu 2019 tunayo sheria ya kulinda habari za watu ambayo huzihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Wewe mnunuzi, geuza hayo upande wa pili. Duka linalodai kutibu kila kitu, kuanzia nguvu za kiume hadi vidonda vya tumbo, lipite. Tafuta cheti ukutani, uliza mfamasia au mteknolojia ni nani, na uone kama anauliza kabla ya kuuza.

Yaliyobaki ni ya mikono. Andika kwa Kiswahili cha nyumbani, maneno 40 hadi 50, herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Badilisha kila Jumatatu, uweke tarehe, kwani ubao wenye habari ya Pasaka mwezi wa Agosti huaibisha. Ukikosea, futa na uandike kwamba ulikosea. Ubao wa kutundikwa ukutani ulizie kwanza ada yake katika ofisi za kaunti. Wa kusimama uingize ndani jioni na usizibe njia ya waendao kwa miguu. Maneno yale yale unaweza kuyatuma katika kundi la WhatsApp la ploti, wakikukubalia.

Ukikosa la kuanza nalo, anza na hili, maana halikosi wasomaji: “Mtoto anahara? Soma pakiti ya chumvichumvi kwanza: kuna ya nusu lita na kuna ya lita moja. Tumia maji salama ya kunywa. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Uliza kipimo cha zinki kwa umri wake. Hutumiwa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Ukiona damu chooni, macho yamezama, au anatapika kila anachokunywa, usije hapa. Nenda hospitali.”