Kiingereza kiandikwe kinavyotamkwa?

Mtoto wa Pwani akishajua silabi za Kiswahili husoma neno lolote. Akifika kwa Kiingereza anakuta "knight" ina herufi sita, tatu hazitamkwi. Zamani zilitamkwa. William Caxton alipoanza kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda huku matamshi yakizidi kubadilika.

Marekebisho yamejaribiwa. Noah Webster wa Marekani aliitoa "u" katika "colour", wenzake wakakubali. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliagiza nyaraka za serikali zitumie tahajia mpya ya maneno 300. Bunge likakataa mwaka huo huo.

Na tukifuata matamshi, ni ya nani? London, Lagos na Mombasa hazitamki sawa. Sisi twalijua hilo. Mkutano wa 1928, uliofanyika hapa hapa Mombasa, ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mtoto wa Mvita akiandika "ndia" badala ya "njia" huhesabiwa amekosa.

Kwa hivyo mimi naona tahajia ya Kiingereza iachwe. Kibadilishwe kitu rahisi zaidi: insha yenye hoja nzuri isizamishwe na herufi zisizosikika.