Kujiondoa Katika Darasa la Mtandaoni: Kinachofutwa na Kinachosalia

Katika shule ya kawaida mwanafunzi anayehama huacha nyuma yake dalili zinazoonekana. Jina lake hupigwa mstari katika daftari la mahudhurio, barua ya uhamisho huandikwa, na dawati lake hukaliwa na mwingine. Hata hivyo alama alizozipata katika mitihani iliyopita hubaki katika kumbukumbu za walimu. Kuondoka ni jambo moja, na kufutika ni jambo jingine. Katika darasa la mtandaoni tofauti hiyo ipo vilevile, ila haionekani kwa macho, na kwa hiyo ni rahisi mno kuikosea.

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa kidato cha tatu aishiye Mitundu, kata iliyo katika Halmashauri ya Wilaya ya Itigi, mkoani Singida, kandokando ya barabara itokayo Itigi kupitia Rungwa hadi Makongolosi mkoani Mbeya. Mwanafunzi huyu hana simu yake mwenyewe. Hutumia ya kaka yake nyakati za likizo. Kwa simu hiyo amejiunga na madarasa manne ya mtandaoni: moja la fizikia, moja la hisabati, na mawili ambayo hayafuatilii tena. Kila mara arifa za madarasa hayo mawili huingia, na kifurushi cha intaneti alichonunua kaka hupungua. Siku moja kaka anachoka, anaifuta programu yote katika simu. Wote wawili wanaamini kwamba mambo yamekwisha. Kesho yake barua pepe ya darasa inaingia kama kawaida, na mwalimu wa mbali, afunguapo orodha yake, analiona jina la mwanafunzi huyo palepale, pamoja na mazoezi ambayo hayakuletwa.

Ili kuelewa kwa nini imekuwa hivyo, hapana budi kufahamu mahali darasa lilipo. Darasa la mtandaoni halimo ndani ya simu. Simu ni dirisha tu. Darasa limo katika kompyuta inayotunza kumbukumbu na kujibu maombi ya watumiaji, ambayo wataalamu huiita seva. Aghalabu seva hiyo iko mamia au maelfu ya kilomita kutoka kwa mwanafunzi. Kuifuta programu ni kuliziba dirisha. Aliyeziba dirisha hajatoka katika orodha ya darasa.

Ndani ya seva kumbukumbu hupangwa katika majedwali. Mpango unaotumiwa sana hadi leo ulielezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani. Wazo lake lilikuwa kwamba habari za namna mbalimbali zisirundikwe mahali pamoja, bali kila namna iwe na jedwali lake, na majedwali yaunganishwe kwa namba za utambulisho. Kwa darasa la mtandaoni, jedwali la kwanza huwa la watu: namba ya mtu, jina lake, anwani yake ya barua pepe. La pili huwa la madarasa: namba ya darasa na jina la somo. La tatu, ambalo ndilo muhimu katika habari hii, huwa la uandikishaji. Kila mstari wa jedwali hili husema jambo moja fupi tu, kwamba mtu mwenye namba fulani yumo katika darasa lenye namba fulani. Mwanafunzi wa Mitundu aliyejiunga na madarasa manne ana mstari mmoja katika jedwali la watu, na mistari minne katika jedwali la uandikishaji.

Kujiondoa darasani, basi, ni kuufuta au kuubatilisha mstari mmoja wa jedwali la tatu. Mstari wa jedwali la watu haukuguswa. Akaunti ya mwanafunzi ingali hai. Darasa nalo lingali hai. Kazi alizowasilisha zimo katika majedwali mengine kabisa, na aghalabu hubaki humo. Kilichokatika ni kiungo baina ya mtu na darasa. Ni mfano wa daraja lililobomolewa huku kingo zote mbili za mto zikibaki mahali pake.

Hapo ndipo mambo matatu yanayochanganywa mara nyingi yanapotengana. Kutoka katika akaunti ni kuiambia seva kwamba mtu huyu haitumii simu hii kwa sasa. Hakufuti mstari wowote wa uandikishaji. Kujiondoa darasani hufuta mstari mmoja. Kuifuta akaunti huondoa mstari wa mtu mwenyewe, na madarasa yote huondoka kwa pamoja, hata yale aliyotaka kubaki nayo.

Namna ya kujiondoa hutegemea jukwaa. Katika Google Classroom, lililoanza mwaka 2014, mwanafunzi hufungua ukurasa wenye kadi za madarasa yake, hugusa nukta tatu zilizo katika kadi ya darasa analotaka kuliacha, huchagua agizo la kujiondoa, kisha huthibitisha. Faili zake hubaki katika hifadhi yake ya Google. Lakini agizo hilo halipatikani daima. Darasa ambalo mwalimu amekwisha kuliweka katika kumbukumbu za madarasa yaliyopita haliruhusu mwanafunzi kujiondoa mpaka mwalimu alirudishe. Tena, msimamizi wa akaunti za shule anaweza kuamuru kwamba walimu tu ndio watakaoondoa wanafunzi.

Katika Moodle, jukwaa lililobuniwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa rasmi mwaka 2002, jambo hili limewekwa wazi zaidi, nalo lastahili kuangaliwa kwa makini. Jukwaa hili hutumiwa na vyuo vingi duniani, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Moodle huhifadhi, pamoja na kila mstari wa uandikishaji, njia ambayo mstari huo uliingia. Mwanafunzi anaweza kuwa amejiandikisha mwenyewe, pengine kwa kutumia neno la siri alilopewa na mwalimu. Anaweza kuwa ameandikwa na mwalimu kwa mkono. Au anaweza kuwa ameingizwa na mfumo wa usajili wa chuo, pamoja na wenzake wote wa mwaka huo, pasipo yeye kugusa kitu. Yule aliyejiandikisha mwenyewe kwa kawaida huliona katika orodha ya maagizo ya kozi agizo la kujiondoa. Wale wengine kwa kawaida hawalioni, hata watafute mchana kutwa. Si hitilafu ya simu wala ya mtandao. Mstari ulioandikwa na ofisi ya usajili hufutwa na ofisi hiyohiyo. Na hata kama mwalimu angeufuta leo, mfumo wa usajili ungeweza kuuandika upya usiku wa leo, kwa kuwa orodha yake ungali na jina hilo. Mwanafunzi wa namna hiyo hana budi kumwendea mwalimu au msajili.

Makundi ya WhatsApp, ambayo walimu wengi huyatumia kama madarasa, ni mepesi kuyaacha. Tangu mwaka 2022 anayetoka kundini hutangazwa kwa wasimamizi tu, si kwa kundi zima. Ila ujumbe aliokwisha kuutuma umo katika simu za wenzake, wala kuondoka kwake hakuuondoi.

Swali linalobaki ni hili: mwanafunzi hupoteza nini? Kwa mwanafunzi hili ndilo zito kuliko yote. Katika Moodle, mstari ukifutwa, mwanafunzi huondolewa katika vikundi vya kozi hiyo, na jina lake hutoweka katika orodha ya alama ambayo mwalimu huiona. Maandishi yake katika mijadala hubaki. Alama zake zaweza kurejeshwa akiandikwa tena, iwapo anayemwandika atachagua zirejeshwe. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aliyejiondoa kwa hasira wiki moja kabla ya mwalimu kujumlisha alama za muhula hatakuwamo katika jumla hiyo, ingawa kazi zake zote zimo ndani ya seva. Mwalimu hatasoma sifuri mbele ya jina lake. Hatalisoma jina lenyewe. Na kurudi si lazima kuwe rahisi kama kutoka. Mwalimu anaweza kuwa ameibadili au kuifunga namba ya siri ya kujiungia, jambo ambalo walimu waangalifu hulifanya baada ya darasa kujaa ili wageni wasiingie.

Kwa upande wa pili, asiyejiondoa naye ana hasara yake. Shule za Tanzania zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, kidato cha sita kikarudi tarehe 1 Juni na shule nyingine tarehe 29 Juni, kufundisha kwa mtandao kulizungumzwa mno. Mstari wa uandikishaji ulioandikwa wakati huo haujifuti wenyewe kwa kuwa shule zimefunguliwa. Usipowekewa tarehe ya mwisho, au mtu asipoufuta, ungalipo.

Iko pia habari ya mtandao hafifu, ambayo wakazi wa vijiji vilivyo mbali na minara ya simu hawahitaji kuelezwa. Agizo la kujiondoa hutekelezwa na seva, wala si na simu. Kwanza ombi husafiri kutoka katika simu hadi katika seva, seva hukagua kama mwombaji ana ruhusa, hufuta mstari, kisha hurudisha jibu. Mawasiliano yakikatika kabla ombi halijafika, hakuna kilichofutwa. Yakikatika baada ya mstari kufutwa lakini kabla ya jibu kurudi, simu huonyesha kwamba jambo limeshindikana, kumbe limekwisha kutimia. Katika hali zote mbili kioo cha simu si shahidi wa kutegemewa. Lifaalo ni kusubiri mtandao urudi, kuufungua upya ukurasa wa madarasa, na kutazama kama kadi ingalipo.

Anayetaka zaidi ya kujiondoa, yaani anayetaka habari zake zenyewe zifutwe, amepewa njia nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe au zifutwe katika mazingira yaliyotajwa na sheria hiyo. Na taarifa zihusuzo watoto imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Ombi hilo hupelekwa kwa taasisi inayozitunza taarifa, kwa maandishi, wala halitimizwi kwa kugusa nukta tatu.

Mwanafunzi wa Mitundu, kwa hiyo, ana kazi ya robo saa. Airudishe programu katika simu ya kaka yake, aingie kwa akaunti yake, ahakikishe kwamba hakuna zoezi la fizikia wala la hisabati linalosubiri alama, ajiondoe katika madarasa mawili asiyoyataka, aufungue upya ukurasa aone kadi mbili tu zimebaki, kisha atoke katika akaunti na kumrudishia kaka simu yake. Faili za madarasa aliyoyaacha zitakuwa zingalimo katika hifadhi yake, zikila sehemu ya gigabaiti 15 ambazo kila akaunti binafsi ya Google hupewa bila malipo, mpaka siku atakapozifuta kwa mkono wake mwenyewe.