Sauti ya Mwalimu Nayo Ina Haki ya Kupumzika

Mwalimu wa Ole, baina ya Chake Chake na Wete, mara nyingi hana kazi moja. Asubuhi husomesha skuli, alasiri humkuta chuoni akisikiliza watoto wakidurusu, na usiku huwasimamia wanawe nyumbani. Chombo chake cha kazi siku nzima ni sauti. Jembe likivunjika mpini hutiwa mwengine, lakini sauti haina duka. Pamoja na hayo, mwalimu aliyepwewa na sauti huambiwa tu kuwa atapoa, na kesho yake hurudi kupaza sauti ileile.

Ndani ya koo, nyuma ya kikoromeo, pana mikunjo miwili ya misuli iliyofunikwa na utando laini wenye unyevu. Hizo ndizo nyuzi za sauti. Tukivuta pumzi hufunguka. Tukitaka kusema husogeleana, na hewa itokayo mapafuni huzitikisa. Nyuzi za mwanamume hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Za mwanamke, ambazo ni fupi zaidi, kiasi cha mara 200. Kwa hivyo sauti ya mwalimu wa kike ikitoka kwa muda unaojumlika kuwa saa moja, nyuzi zake hugongana takriban mara 720,000.

Waliosoma tajwidi wanakijua kiungo hiki. Hamza na haa makhraji yake ni kina cha koo. Katika hamza nyuzi hufungana kisha huachana ghafla. Katika haa huacha nafasi pumzi ipite. Wanazuoni wa Kiarabu, tangu zama za Sibawayh katika karne ya 8, waliyapambanua mahali hapo kwa kusikiliza tu. Ilipofika mwaka 1855 ndipo mwalimu wa uimbaji, Manuel García, alipoeleza mjini London jinsi alivyoziona nyuzi zake mwenyewe kwa kijioo.

Mvua ya masika inapolipiga bati la darasa, mwalimu hulazimika kushindana nayo. Nyuzi hugongana kwa nguvu na kuvimba. Hali hiyo ikirudiwa kila siku bila mapumziko, huweza kuota vinundu, na sauti ikawa nzito, yenye kukwaruza na kukatikakatika. Bahati njema, vinundu hivyo mara nyingi hupungua kwa mapumziko na mafunzo ya kutumia sauti, bila ya kupasuliwa.

Kinga huanza na maji. Tunachokimeza hakizigusi nyuzi, kwani njia ya hewa hufungwa tunapomeza. Maji huzifikia kwa kupitia mwilini, ndiyo maana hunywewa kidogo kidogo kutwa nzima. Katika Ramadhani yanywewe baina ya futari na daku. Karafuu tunayoitafuna hapa Pemba hutia ganzi, basi hupunguza maumivu bila ya kuponya. Asidanganyike mwalimu akaendelea kupaza sauti. Kunong'ona kwa nguvu si kupumzika, nako huweza kuzichosha nyuzi. Kukohoakohoa ili kusafisha koo huzigonganisha. Bora kumeza mate au funda la maji.

Darasani, mwalimu awanyamazishe watoto kwa makofi au kwa kugonga meza, awasogeze karibu, na asiseme huku ameuelekea ubao. Mvua ikizidi, awape kazi ya kuandika. Baina ya skuli na chuo, apate walau nusu saa ya kunyamaza.

Sauti ikikaa zaidi ya wiki tatu bila ya kurudi, aende hospitali na kuomba kuonana na daktari wa masikio, pua na koo. Asingoje muda huo ikiwa anatoka damu, anapumua au kumeza kwa tabu, au ana uvimbe shingoni. Mvutaji sigara azidi kuwa na hadhari, kwani saratani ya koromeo huweza kuanza kwa sauti kukwaruza.

Nasi jamaa tuna sehemu yetu. Tusimwite mwalimu kutoka uani naye yuko barazani, tumwendee. Luqman alimuusia mwanawe kuishusha sauti, na wasia huo uko katika sura yenye jina lake, aya ya 19. Nyumba inayoufuata humpunguzia mwalimu mzigo, ili kesho watoto wetu wamkute na sauti ya kuwasomeshea.