Nyumba ya Binti: Boriti, Zidaka na Wakazi wa Nyumba ya Mawe ya Lamu

Ukipita kwenye vichochoro vya Lamu, ni vigumu kujua nani alikuwa tajiri. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zimeinuka pande zote mbili. Madirisha ya kutazama njiani ni nadra. Mwenye nyumba alikubali kuonyesha mlango tu, na daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye baraza za mawe. Mgeni wa kawaida aliketishwa hapo, akamaliza shughuli yake, akaondoka bila kujua ndani mna nini.

Nyumba hizi za wangwana (waungwana), nyingi za karne ya 18, huanza kueleweka ukitazama dari. Sakafu ya juu, ambayo ni mawe na chokaa tupu, imebebwa na boriti za mikoko, na boriti hazihimili mzigo huo zikivuka nafasi kubwa. Ndiyo maana vyumba havizidi upana wa mita 3 hivi, hata kwa aliyekuwa na fedha za kumwaga. Kwa kuwa upana haununuliki, utajiri ulielekezwa kwenye urefu, kwenye mapambo, na kwenye idadi ya vyumba vilivyofuatana kwenda ndani.

Mpangilio ni huu: kutoka dakani unapita tekani, njia ya kuingilia iliyopinda ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, ule ua wa wazi unaoingiza hewa na mwanga. Wageni wa kiume walikuwa na chumba chao, sabule. Ng'ambo ya kiwanda kuna kumbi mbili, msana wa tini (wa chini) kisha msana wa yuu (wa juu), kisha chumba kiitwacho ndani, na mwisho kabisa chumba kiitwacho nyumba ya kati. Sakafu hupanda kidogo kadiri unavyoingia, na giza huzidi. Huko gizani ndiko fundi alikotoa ustadi wake wote: ukuta mzima wa zidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwenye lipu ya chokaa na kuwekwa sahani za kauri za Uchina. Sahani zilikuwa pambo, na pia kinga ya kijicho. Hata chooni kulikuwa na ubunifu: ndani ya birika la maji waliwekwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Kwangu mimi, hiyo ni akili kubwa kuliko zidaka zote.

Nyumba ya kati ilitumika kwa kujifungua na kwa kuosha maiti. Kwa hiyo kina cha nyumba kilikuwa cha wanawake, na wao ndio waliobaki humo. Baba mwenye uwezo alimpa binti nyumba alipoolewa, mume akahamia kwa mke. Kiwanja kikikosekana, alijengewa ghorofa juu ya nyumba ya wazazi, au chumba cha kuvuka njia, wikio, kikaunganisha nyumba za ukoo ili wanawake watembeleane bila kushuka barabarani. Tusiite mpango huo kifungo bila kufikiri: talaka ikitoka, aliyefungasha virago ni mume.

Lakini wapo wakazi ambao zidaka haziwataji. Katika nyumba za ghorofa, watumwa waliishi chini, wenye nyumba juu. Nguvu zao ndizo zilizobeba mawe, zikachoma chokaa na kulima mashamba ya bara yaliyolipia sahani zile. Utumwa ulipofutwa kisheria nchini Kenya mwaka 1907, mashamba yalikosa wafanyakazi, na fedha za kuzitunza nyumba zikapungua. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na nyumba moja ya karne ya 18 inatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ili kila mtu aione. Ukiitembelea, au ukialikwa nyingine, usiishie kupiga picha zidaka. Uliza pia nani alilala chini.