Mtego Hauna Mlinzi

Miongoni mwa mali zote za binadamu, mtego ndio unaoachwa peke yake kwa kusudi. Jembe hurudi nyumbani jioni, baiskeli hufungwa kwa mnyororo, bunduki hulala ghalani chini ya kufuli na daftari. Lakini mtego, ili ufanye kazi yake, sharti mwenyewe aondoke. Akikaa karibu, mnyama haji. Basi hutegwa porini au katika shamba lililokwisha vunwa, ukawa usiku kucha ni amana mikononi mwa kila mpita njia. Na mpita njia wa usiku, aghalabu, ni askari wa doria.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaandikia wapiganaji na polisi wetu habari hii, ambayo kwa juu juu yaweza kuonekana ni ya watoto na wasasi.

Tuanzie Malawi, wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka jiji la Lilongwe. Hapo ndipo ilipo Dzaleka, iliyokuwa gereza la wapinzani wa serikali katika zama za Rais Kamuzu Banda, na ambayo tangu mwaka 1994 ni makazi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kuchukua watu kati ya 10,000 na 14,000; sasa wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika humo kama kinavyosikika Kigoma au Uvira.

Nchi inayoizunguka Dzaleka ni ya Wachewa, wakulima wa mahindi na tumbaku. Mavuno yakiisha, vijana na watoto huingia mashambani kuwinda panya, ambao kwa lugha yao huitwa mbewa. Wengine hufukua mashimo kwa jembe. Wengine hutega diwa, yaani jiwe bapa lililoegemezwa juu ya kijiti. Wengine hufukia chungu ardhini, wakatia maji nusu yake na kuweka pumba za mahindi ukingoni, panya akaja kwa tamaa akatumbukia. Kisha huchemshwa kwa chumvi, hukaushwa, na kubanwa katika vijiti. Msafiri wa barabara kuu ya kutoka Lilongwe kwenda Blantyre hunyoshewa dirishani mwa gari. Msomaji anayecheka na akumbuke kwamba huko Mtwara kitoweo hicho kina jina la heshima: samaki nchanga.

Jiwe na kijiti vina thamani gani? Sokoni, hakuna. Lakini anayepita alfajiri akamtoa panya chini ya jiwe la mwenziwe, au akaondoka na chungu, amechukua kitoweo cha nyumba ambayo pengine haikuwa na kitoweo kingine siku ile. Mtego huo hauna jina la mtu. Hauhitaji, kwa kuwa kijiji kizima chajua ni mtoto wa nani ategaye kwenye tuta lile. Mgeni ndiye asiyejua, na askari daima ni mgeni.

Wawindaji wa Ituri, mashariki mwa Kongo, wanayo kanuni inayostahili kufikiriwa na kila mtu wa sheria. Kwao, mnyama ni wa mwenye chombo. Nikiazima wavu wako nikaenda nao mwituni, paa akanaswa, paa huyo ni wako, ingawa miguu iliyochoka ni yangu. Nyama itagawanywa, nami sitakosa fungu. Lakini mwenye mali ni mwenye wavu. Kwa kanuni hiyo, mtu hawezi kusema, "Mtego sikuuchukua, nilichukua nyama tu." Hakuna nyama iliyotengana na mtego wake.

Hata Marekani jambo hili limewashughulisha. Katika ardhi ya umma wawindaji huacha madungu ya kuvizia juu ya miti kwa majuma mengi, na wizi wa madungu hayo ni malalamiko ya kila msimu. Majimbo kadhaa, Michigan likiwa mojawapo, yameamuru kwamba dungu liandikwe jina na anwani ya mwenyewe. Kwetu atakuwa mtu wa ajabu anayetundika jina lake juu ya mtego uliomo ndani ya hifadhi.

Na hapo tunafika kwenye mtego wa namna ya pili, ule wa waya. Huu si wa kitoweo cha mtoto. Tanzi la waya humkaba pundamilia, nyati, hata simba asiyekusudiwa. Na mtego wa chuma wenye meno, unaofuliwa kwa springi za magari, hauchagui kati ya mguu wa mnyama na mguu wa askari. Katika hifadhi ya Liwonde, kusini mwa Malawi, tangu uendeshaji wake ulipokabidhiwa shirika la African Parks mwaka 2015, zimeng'olewa nyaya zaidi ya 30,000. Mara nyingi chombo chenyewe kimeanza kwa wizi: waya wa uzio wa hifadhi, kebo ya breki, nyuzi za chuma zilizotolewa katika matairi yaliyochomwa. Kazi ya kuviondoa ina gharama yake. Mwezi Mei 2019 askari mmoja wa Uingereza, aliyekuwa Liwonde katika doria ya kupambana na ujangili, aliuawa na tembo.

Sheria ya wanyamapori ya Malawi ya mwaka 1992, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inaruhusu kifungo cha hadi miaka 30 kwa makosa makubwa. Ya kwetu ya mwaka 2009 inakataza tanzi, mashimo na mitego ya meno. Kwa hiyo askari akiliona tanzi, hana haja ya kujiuliza kama ni halali. Swali gumu ni lingine: aling'oe au alivizie? Akiling'oa, mnyama ataokoka na jangili atapona pia. Akilivizia, jangili atakuja kukagua mtego wake, lakini huenda mnyama akatangulia. Jibu ni la kamanda wa doria, si la askari mmoja mwenye haraka ya kurudi kambini.

Lisilo na swali ni waya huo kwenda wapi. Ukikunjwa ukatiwa mfukoni ili ukafunge banda la kuku, ushahidi umekwisha. Mahali ulipofungwa, namna ya fundo na aina ya waya ndivyo vinavyozungumza mahakamani. Vyote hupigwa picha, huandikwa, na waya huingia katika daftari la vidhibiti. Na mnyama aliyenaswa? Tumekwisha sikia, wala si mara moja, dhihaka za "mchango wa jiko". Mnyama huyo, kwa sheria yetu, ni nyara ya serikali. Askari anayemla ameungana na jangili baada ya tendo, tena pasipo hata kutoa jasho la kutega.

Lakini tusisahau aliyetega kwa njaa. Taarifa ya shirika la TRAFFIC ya mwaka 2008 ilichunguza makambi ya wakimbizi ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ambako nyama ya porini ilipewa jina la fumbo lenye maana ya mchicha wa usiku, kwa kuwa ilipikwa gizani. Mgawo wa chakula ulikuwa na maharage, haukuwa na nyama. Kueleza chanzo si kufuta kosa. Ila askari ajuaye chanzo hukamata kwa namna nyingine, bila fimbo.

Turudi sasa Lilongwe, maana mali iliyoachwa na mwenyewe si mitego tu. Machi 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka. Mwezi Mei polisi na wanajeshi walipita katika mitaa ya Lilongwe, wakawakamata mamia ya watu, watoto wakiwamo, na baadhi yao walishikiliwa kwanza katika gereza la Maula. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Nyuma yao yalibaki maduka yenye sukari, vitenge na fedha za mauzo ya siku ile. Yakafuata malalamiko ya mali kuporwa, mengine yakiwaelekea walinzi wenyewe.

Hatukusudii kumhukumu askari wa nchi jirani. Amri aliyopewa si yeye aliyeiandika. Twasema tu kwamba duka ambalo mwenyewe ametolewa kwa amri lina hali ile ile ya diwa shambani. Mwenye mali hayupo, shahidi hayupo, na aliyepo amevaa sare. Kwa operesheni ya namna hiyo, kufuli moja jipya, orodha ya vitu vilivyomo, na sahihi ya jirani aliyesimama mlangoni havichukui hata nusu saa.