Kijiti cha Kukinga Jua Kinatakiwa Kiishe Haraka

Kinga ya jua ya kijiti imeingia kwenye maduka ya dawa na vipodozi ya miji yetu, na watu wanainunua. Sababu zinaeleweka. Haimwagiki kwenye mkoba, haiachi vidole vikiteleza, mtu anaweza kuipaka ndani ya daladala bila kioo, na mtoto anayekimbia akiona chupa ya losheni huvumilia kijiti kikipita puani. Wengi wanaokitumia hukipitisha mara moja kila shavu, mara moja kwenye paji la uso, wakaondoka wakiamini wamejikinga hadi jioni. Kinga wanayoipata kwa namna hiyo ni sehemu ndogo sana ya ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, hata kama kiwanda hakikukosea chochote.

Vichujio vya mionzi vilivyomo kwenye kijiti ni vilevile vya losheni: zinki oksaidi na titani dioksaidi katika baadhi ya bidhaa, na katika nyingine kemikali zinazomeza mionzi ya urujuanimno kabla haijaifikia ngozi. Kinachotofautiana ni kibebeo. Losheni hubeba vichujio hivyo kwa mchanganyiko wa maji na mafuta. Kijiti kwa kawaida hakina maji, kina nta na mafuta mazito yaliyogandishwa pamoja. Mwaka 2021, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipopendekeza kanuni mpya za bidhaa hizi, iliviweka vijiti kundi moja na losheni, krimu na jeli, huku bidhaa za kupuliza zikitakiwa kupita majaribio ya ziada. Kwa hiyo usikubali mtu akikwambia kwamba kijiti ni pambo tu.

Shida inaanzia kwenye kiasi. Namba ya SPF, ile iliyoandikwa kwenye kifuniko, hupatikana maabara. Watu waliojitolea, wenye ngozi nyeupe inayoungua upesi, hupakwa mgongoni miligramu 2 za bidhaa kwa kila sentimita moja ya mraba. Inasambazwa kwa uangalifu, inaachwa itulie, kisha ngozi humulikwa kwa taa inayoiga jua. Wapimaji hulinganisha mionzi inayotosha kuifanya ngozi iliyopakwa iwe nyekundu na ile inayotosha kwa ngozi tupu. Ikihitajika mara 30, bidhaa hupewa SPF 30, yaani takribani asilimia 3 ya mionzi inayounguza ndiyo inayopenya. Kwa SPF 50 hupenya asilimia 2. Kijiti nacho hupimwa kwa miligramu 2 hizohizo.

Karibu hakuna anayepaka kiasi hicho. Vipimo vilivyofanyika kwa miaka mingi katika nchi mbalimbali vinaonyesha kwamba watumiaji wa kawaida wa losheni hupaka kati ya nusu miligramu na miligramu 1. Kinga hushuka pamoja na kiasi, ingawa watafiti wanatofautiana kuhusu kasi yake. Wanaoona inashuka sawia watakwambia SPF 50 iliyopakwa nusu ya kipimo inabaki na nguvu ya 25. Wanaoona inaporomoka watakwambia inabaki 7. Ukipaka robo ya kipimo, wa kwanza watakupa 12, wa pili hawatakupa hata 3. Chukua upande wowote unaotaka. Vyovyote vile, 50 ya kwenye kifuniko haipo usoni.

Losheni angalau hutoka kwa wingi. Unaikamua kiganjani, unaiona, unalazimika kuisambaza. Kijiti hutoa kile tu ambacho ngozi inaweza kukikwangua kinapopita, na ngozi si kioo. Ina vinyweleo, mikunjo na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Kijiti kikipita mara moja hufanya kama chaki kwenye ubao wenye mikwaruzo: palipoinuka panapata rangi, palipozama panabaki tupu. Picha za kamera inayoona urujuanimno huonyesha jambo hili wazi. Mahali penye kinga hutoka peusi na mahali palipokosa hutoka peupe, na mtu aliyepitisha kijiti mara moja ana mistari usoni ambayo kioo cha nyumbani hakiwezi kumwonyesha. Tatizo ni kubwa zaidi kwenye ndevu, kwenye mstari wa nywele na pembeni mwa pua, kwa sababu sehemu bapa ya kijiti haifiki huko.

Kuna njia ya kujikagua isiyohitaji kamera. Uso wa mtu mzima una eneo la takribani sentimita 600 za mraba. Kwa miligramu 2 kila sentimita, unahitaji gramu 1.2 kila unapoupaka mara moja. Vijiti vingi huwa na gramu 15 hadi 20. Tuchukue cha gramu 15. Kinatosha kupaka uso mara 12 hivi. Anayepaka mara moja kwa siku kitamwishia chini ya wiki mbili, na anayerudia mchana, kama inavyotakiwa kwa anayeshinda juani, kitamwishia ndani ya wiki. Hata anayeridhika na nusu ya kipimo, mara moja tu kwa siku, hapaswi kufikisha mwezi. Sasa mfikirie mtu ambaye kijiti chake kimekaa naye miezi mitatu na anakitumia kila siku. Gramu 15 ukizigawa kwa siku 90 unapata gramu 0.17 kwa siku, yaani kama sehemu moja ya saba ya kinachohitajika. Mtu huyo hajajikinga, na ubaya ni kwamba kwa kuwa anaamini amejikinga, anakaa juani muda mrefu kuliko ambavyo angekaa bila kijiti. Kwa hiyo nawashauri watu waandike kwa kalamu, kwenye kitako cha kijiti, tarehe waliyokifungua.

Kwa mwili mzima hesabu inakuwa nzito zaidi. Mtu mzima anayekwenda kuogelea anahitaji zaidi ya gramu 30 ili apakike kuanzia kichwani hadi miguuni, yaani vijiti viwili vizima kwa kupaka mara moja. Hakuna mfuko wa kawaida utakaovumilia hilo. Mikono, miguu, mgongo na mabega ni kazi ya losheni, na bora zaidi ni kazi ya nguo.

Ushahidi kwamba mazoea ya kila siku yana uzito kuliko namba kubwa ulipatikana Nambour, mji wa jimbo la Queensland, Australia. Kuanzia mwaka 1992 hadi 1996, timu ya mtafiti Adèle Green iliwafuatilia wakazi 1,621. Nusu yao walipewa losheni ya SPF 16 bure na kuelekezwa kupaka kila siku kichwani, shingoni, mikononi na kwenye viganja. Wengine waliachwa na desturi zao. Chupa zilipimwa uzito ili ijulikane nani anapaka kweli. Saratani ya ngozi aina ya skwamasi ilipungua kwa takribani asilimia 40 katika kundi lililopaka kila siku, na ufuatiliaji wa miaka kumi baada ya jaribio, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha melanoma, aina nyingine ya saratani ya ngozi, zilizopatikana kundi hilo ni kama nusu ya zile za kundi jingine. SPF 16! Leo namba hiyo ingedharauliwa dukani. Ilifanya kazi kwa sababu ilikuwa juu ya ngozi kila siku.

Pamoja na hayo yote, sitaki msomaji akitupe kijiti chake. Kuna mahali ambapo losheni hushindwa na kijiti hufaulu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Liverpool, wakitumia kamera ya urujuanimno, waliona kwamba watu wanaojipaka losheni huacha takribani asilimia 10 ya uso bila kinga, na mahali panaporukwa zaidi ni kope na pembe ya jicho iliyo karibu na pua. Kila mtu anajua sababu: losheni ikichanganyika na jasho huingia machoni, ikawasha. Nta ya kijiti haitiririki upesi, kwa hiyo unaweza kuipeleka karibu na jicho bila hofu hiyo. Vivyo hivyo midomo, ambayo losheni haikai. Ncha za masikio. Mgongo wa pua. Mgongo wa mkono kwa dereva wa bodaboda asiyevaa glavu. Wanawake wa Zanzibar, Lamu au Mombasa wanaovaa buibui na hijabu tayari wamefunikwa na kinga bora kuliko losheni yoyote, wamebakiwa na uso na viganja tu, na kwao kijiti kinalingana na eneo lenyewe, mradi wasikionee huruma.

Namna ya kukipaka inabadilisha matokeo kabisa. Futa jasho kwanza, kwa kuwa nta haishiki kwenye ngozi iliyolowa. Pitisha kijiti nenda-rudi mara nne kila mahali, kila mpito ukiingiliana na uliotangulia, kisha sambaza kwa kidole ili mafuta yaingie kwenye yale mabonde. Watu huniambia kusambaza kwa kidole kunaondoa faida ya kijiti, ambayo ni mikono misafi. Ni kweli, na bado lazima usambaze. Asubuhi, ukiwa nyumbani na muda unao, paka losheni, kiasi cha mistari miwili iliyojaa urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, halafu kijiti kiwe cha kurudia barabarani kila baada ya saa mbili. Usikiache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani, maana kitayeyuka na vichujio vilivyosambazwa sawasawa ndani yake vinaweza kujitenga. Kila mtu awe na cha kwake, hasa kama kinapita midomoni, kwa sababu vidonda vya mdomo huambukizwa kwa njia hiyo.

Swali linaloulizwa sana na wasomaji wenye ngozi nyeusi ni kama wanahitaji haya yote. Nalijibu bila kuzunguka: kwa kuzuia saratani, hitaji lao ni dogo. Melanini ya ngozi nyeusi ilipopimwa ilionekana kutoa kinga inayokaribia SPF 13, ambayo haiishi wala haihitaji kupakwa upya, na melanoma inayowapata watu weusi hutokea zaidi kwenye nyayo na viganja, mahali ambapo jua si chanzo chake. Wenye madoa meusi ya usoni yanayozidishwa na mwanga, wenye lupasi, wanaotumia dawa zinazoifanya ngozi iogope jua, na wale walioichubua ngozi yao kwa mkorogo, hao wanahitaji kinga. Kwa wenye madoa, chagua kijiti chenye rangi, kwani oksaidi ya chuma inayokipa rangi hiyo huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao vichujio visivyo na rangi huuachia upite. Wengine wasitishwe na matangazo hadi wakatumia fedha ya ada kununua vijiti.

Walio na haki ya kwanza ya bidhaa hizi Afrika Mashariki ni watu wenye ualbino, ambao Tanzania wanakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 1,400. Hawana ile kinga ya melanini, na wanaishi karibu na ikweta, ambapo kipimo cha ukali wa mionzi (UV Index) mchana hupita 11 mara kwa mara, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri watu waanze kujikinga kinapofika 3. Nyanda za juu mionzi huongezeka kwa takribani asilimia 10 kila mita 1,000, kwa hiyo ubaridi wa Nairobi au Mbeya ni wa kudanganya. Saratani zao hutokea zaidi kichwani na shingoni: masikioni, midomoni, usoni, kisogoni. Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, ndiko yalikoanza kutengenezwa mafuta ya KiliSun kwa ajili yao, na Kenya imekuwa ikigawa losheni kupitia Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Hizo ni krimu na losheni, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa kuwa mtu huyu anahitaji gramu nyingi kila siku ya maisha yake.

Ila mtoto mwenye ualbino hutoka nyumbani amepakwa na mama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na jua lenye madhara zaidi ni la kuanzia saa nne hadi saa kumi. Kopo la krimu haliendi shuleni, likienda huibwa au humwagika. Hapa ndipo kijiti kinaweza kuokoa ngozi ya mtu: kinakaa mfukoni mwa sare, mtoto wa miaka saba anaweza kukitumia mwenyewe midomoni, puani na masikioni, na mwalimu hahitaji kumshika kumpaka. Mzazi akipata kimoja tu, kiwe cha shule, na nyumbani krimu iendelee. Kofia yenye ukingo mpana na mikono mirefu vibaki palepale, na uongozi wa shule uombwe rasmi kuviruhusu kama havimo kwenye sare. Mwalimu wa darasa aambiwe nyakati mbili za kumkumbusha mtoto apake: mapumziko ya saa nne, kabla hajatoka uwanjani, na saa saba baada ya chakula. Kipindi cha michezo kikipangwa saa sita, kihamishiwe asubuhi na mapema.